Mzee Khatib Mselem na Kufuli Namba Tisa

Ijumaa hii, tarehe 28 Septemba 1979, Mzee Khatib Mselem anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha makufuli hapa Stechford kwa miaka kumi na minane. Chama chetu cha Waswahili kimeniomba mimi, Bethuel, niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe, kwa kuwa nimekaa benchi la jirani naye tangu 1967. Nimeonywa nisiandike mambo ya kutisha, maana kutakuwa na watoto na biriani. Nitajitahidi, ila siahidi.

Mzee Khatib alizaliwa Unguja mwaka 1914. Alifika Birmingham akitokea melini, alikokuwa akichochea makaa, akaanza kazi kwetu Machi 1961 akifagia vipande vya vyuma. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amehamishiwa benchi la ukaguzi, na hapo ndipo alipobaki. Kila kufuli alilifunga na kulifungua mara tatu, kisha akalivuta kwa nguvu zake zote. Msimamizi wetu Inderjit, Singasinga wa Kisumu ambaye Kiswahili chake kinawashinda baadhi yetu, alimweleza kwamba mara moja ingetosha. Mzee alimsikiliza kwa heshima zote, akaendelea na tatu zake.

Krismasi ya 1969 ufunguo wa kabati la vinywaji ulipotea ofisini, na wakubwa wakabaki wamesimama na glasi tupu. Aliyeitwa kuwaokoa ni Mzee Khatib, mtu ambaye hajaonja kitu hicho maishani mwake. Alilifungua kabati kwa waya wa mwavuli, akageuza uso, akarudi kwenye chai yake ya tangawizi.

Jambo moja tu lilituudhi. Hapa kiwandani, mtu akistaafu, saa sita mchana wa siku yake ya mwisho sote hugonga mabenchi kwa nyundo mpaka avuke mlango. Ndiyo heshima yetu kubwa. Lakini kila mara Mzee Khatib alitoka kabla ya nyundo ya kwanza, akasimama nje ya geti, mvua inyeshe isinyeshe, mikono masikioni. Mimi nilisema ni majivuno, tena nilisema mbele za watu. Namwomba radhi hapa hapa.

Sababu niliijua Novemba 1971. Siku hiyo liliingia sanduku la makufuli ya kale, yaliyotengenezwa na kiwanda hiki hiki zama za babu za wenye kiwanda, yakarudishwa kufanyiwa matengenezo. Yalitoka kwenye gereza lililokwisha kufungwa, katika kisiwa ambacho watu wa kwao hawakitaji jina. Husema "Kule" tu, na mimi nitaifuata adabu hiyo. Mzee alilichukua lenye namba tisa, akaligeuza, akakaa chini sakafuni.

Alitueleza mimi na Inderjit. Ujanani alikuwa askari jela Kule. Chumba namba tisa kilikuwa na mfungwa aitwaye Idarous, na ufunguo ulikaa kiunoni mwa Khatib. Wafungwa nao walikuwa na desturi yao: mwenzao akiachiliwa, waligonga milango kwa sahani za bati mpaka afike getini. Asubuhi moja ya mwaka 1938, kabla mlango wowote haujafunguliwa, na hapakuwa na wa kutoka siku hiyo, sahani zikaanza kulia. Khatib alikimbia. Kufuli namba tisa lilikuwa linaning'inia mahali pake, limefungwa, zima. Alipofungua, chumba kilikuwa kitupu na mkeka umekunjwa. Boti zote zilikuwepo ufukweni. Wafungwa walipoulizwa wanamgongea nani, kila mmoja chumbani mwake alijibu kwamba Idarous amepita sasa hivi, akawaaga kwa majina.

Lawama zikamwangukia mwenye ufunguo. Alifukuzwa kazi, na mtaani kwao wengine walinong'ona kwamba alimfungulia, wengine kwamba alimtupa baharini. Akapanda meli akaondoka. Miaka thelathini na mitatu alijiuliza jambo moja: usiku ule, je, alilifunga?

Siku ile alichonga ufunguo mpya, akalipangua kufuli mbele yetu. Springi zote zilikuwa sawa, hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Tulimwambia ametakasika. Hakufurahi. Kufuli zima lilimaanisha kwamba hakuna aliyeweza kulifungua ila yeye.

Makufuli mengine yalikwenda zake, hilo akaruhusiwa kulihifadhi. Aliliweka wazi kwenye rafu juu ya benchi. Kesho yake tulilikuta limefungwa. Kufuli lile halifungiki bila ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti lake, nyumbani Lozells. Inderjit alitushuku sote, mimi hasa. Mwezi mzima akalala na ufunguo wa karakana chini ya mto wake, na kufuli likaendelea kujifunga. Miaka karibu minane sasa Mzee hulifungua kila asubuhi kabla ya kuvua kofia. Tumelizoea, ingawa hakuna anayependa kuwa wa kwanza kuingia.

Wiki mbili zilizopita nilimwendea, nikamwambia kwamba kwa ajili yake tutaziweka nyundo chini, atoke kimya kimya. Alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Nigongeeni, mwanangu," akasema. "Lakini ngojeni nifike mlangoni. Safari hii nataka nimwone anayetoka."

Tangu Jumatatu, kufuli namba tisa tunalikuta wazi. Nimeliona kwa macho yangu. Inderjit pia ameliona, naye hataki tulizungumze.

Mzee Khatib, asante kwa makufuli yote uliyoyavuta kwa niaba ya watu usiowajua. Nawe mkewe, Bi Mwatima, asante kwa mikate ya ufuta ya kila Ijumaa. Tunakuombea, Mzee, uzee wa raha pale Lozells, wajukuu watakaokujibu kwa Kiswahili hata mara moja kwa wiki, na mlango unaoufunga mara moja tu ukalala.

Ijumaa saa sita tutasimama wote mabenchini, nyundo mezani, mikono yetu ukiiona, mpaka mguu wako ufike kizingitini. Ukisikia kugongwa kabla ya hapo, wewe tembea tu, baba. Si sisi.