Mpira Hatuweki: Maisha ya Fundi Kilo

Wakubwa zangu shikamooni. Ndugu wafiwa, majirani, wateja wa gereji na ninyi nyote mliofika kutushika mkono, poleni na asanteni. Mimi ni dada yake marehemu, ninayemfuata kuzaliwa. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu, wamesema, nina sauti. Ninayo, na leo nitaitumia.

Maneno haya nayaandika Jumatano ili yachapishwe kesho na kusomwa Ijumaa, kabla hatujateremka makaburini. Mnaoijua njia ya makaburini mnajua kwamba ni mteremko mtupu, na kona yake iko chini kabisa, mahali ambapo breki zimeshachoka. Sijui Ijumaa kutakuwa na jua au mvua. Ninachojua ni kwamba kitindamimba wetu atakuwa ameegesha gari lake dogo hapo nje, na tayari ameshawaahidi watu tisa nafasi, baadhi yao wameshaketi humo wakiziwahi. Kama namsingizia, asimame anikane mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1953, mtoto wa kwanza kati yetu watatu, katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa mpima mizigo kwenye ghala la stesheni. Kila mama alipompelekea chakula cha mchana, baba alimchukua mtoto kutoka mgongoni mwake, akamweka juu ya mizani katikati ya magunia, akausoma uzito wake kwa sauti kubwa ili karani asikie. Mama alikasirika kila mara, na kila mara baba alirudia. Ndiyo asili ya jina Kilo. Lile la kwenye vyeti alilitumia benki na hospitali, na hata mkewe huwa analisahau.

Alianza shule ya msingi Januari 1961, akaendelea na sekondari mwaka 1968. Tusidanganyane msibani: kwenye hesabu alikuwa mzuri, kwenye masomo mengine alikuwa akihudhuria. Mwaka 1969 alichaguliwa kukimbia mita mia nane katika mashindano ya shule. Mwalimu mkuu aliwapakia wanariadha kumi na mmoja kwenye gari lake, wengine wamekaa kwenye buti miguu ikining'inia. Kaka yangu aliyatazama matairi ya nyuma, akasema yeye haingii. Akaambiwa, basi tembea. Akatembea kweli, kwa njia ya mkato, na viatu vyake vya mbio amevishika mkononi. Alifika mashindano yamekwisha, akakaa kwenye nyasi, na baada ya muda mrefu wakatokea wenzake kwa miguu, maana tairi lilipasuka njiani. Siku hiyo shule haikupata hata kikombe cha bati. Mwalimu mkuu alimwita mkaidi mpaka alipomaliza shule. Kutoka 1971 hadi 1973 alisoma chuo cha ufundi, akatoka na cheti cha ufundi wa magari.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya kituo cha mabasi, na tarehe 1 Juni 1985 akafungua ya kwake, ileile mnayoijua, yenye mlango wa bati la bluu. Ubao wake ulisema: BREKI NA SPRINGI. MPIRA HATUWEKI. Kwa wageni wasiojua, gari dogo likibebeshwa kupita kiasi, springi za nyuma hulala na gari hukaa chini. Basi kuna mafundi ambao ukiwalipa, wanapachika vipande vya mpira katikati ya springi, gari linainuka, na mwenye gari anaondoka anajiona mjanja. Marehemu hakuwahi kuviweka. Alifukuza wateja wenye pesa zao mkononi, na wifi yangu hapa ni shahidi kwamba mwisho wa mwezi jambo hilo halikuwa la kuchekesha.

Nilikuwepo siku alipokuja mama mmoja mwenye duka la vitambaa.

"Fundi, gari langu linachuchumaa. Niwekee mpira."

"Unabebea nini, mama?"

"Vitu vyepesi tu."

Marehemu akafungua buti. Marobota manne, na mengine yamejaa kiti cha nyuma hadi kioo hakionekani.

"Hivi ndivyo vyepesi?"

"Ukibeba moja moja ni vyepesi."

Kaka yangu akafungua mlango wa dereva, akamwonyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Kila gari linacho, na nina hakika wengi wenu mnadhani ni pambo. Kiliandikwa kwamba watu na mizigo, jumla, visizidi kilo mia tatu themanini na tano. "Mama," akasema, "hizo ni pamoja na wewe. Gari likiinama linakuomba. Nikikuwekea mpira halijapata nguvu, limenyamaza tu. Tairi ni zilezile, zitapata joto zipasuke. Breki ni zilezile, utakanyaga hapa gari lisimame kule. Na kule mbele usukani umekuwa mwepesi, ukikata kona gari halikufuati." Yule mama akamwambia ana maneno mengi kuliko spana. Akaenda mtaa wa pili, akawekewa mpira. Haukupita muda mrefu akarudi na breki zilizoungua. Unadhani marehemu alimfukuza? Alizitengeneza, akafuta mikono, akamweleza upya tangu mwanzo. Mimi ningemfukuza.

Aliyekwenda mtaa wa pili kwa siri zaidi kuliko wote ni kitindamimba wetu. Huyu mdogo wangu ana moyo mzuri kupita kiasi, na hilo ndilo tatizo lake. Hajawahi kumwacha mtu njiani. Ukiwa umesimama na begi, anasimama. Ukiwa na begi na mama mkwe na gunia, anasimama pia. "Sogeeni kidogo," ndio wimbo wake. Kwa sababu kaka alikuwa akilitambua gari lililolemewa kwa kulitazama tu likikata kona, mdogo wangu akaweka mpira ili lisiiname. Yaani mtu ana kaka fundi wa springi, halafu anamlipa mgeni ili amdanganye kaka yake. Nikilifikiria hili kichwa kinaniuma.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na muuguzi aliyekutana naye kwenye gari la baba mkwe. Familia nzima ilikuwa imeketi humo, na neno la kwanza alilomwambia mchumba wake lilikuwa, "Samahani dada, una kilo ngapi?" Wifi yangu akamjibu, "Hamsini na nane. Na wewe una adabu kiasi gani?" Wakajaliwa binti na kijana. Nyumbani kwao, mlangoni, palikuwa na mizani ya bafuni, na hakuna aliyesafiri kwenye gari la Kilo bila kupanda juu yake kwanza, na mkoba wake mkononi. Tulimnunia, tukamsema, tukapanda.

Binti yao aliolewa tarehe 8 Agosti 2009. Marehemu alimpima bibi harusi, kisha akalipima gauni peke yake, na msimamizi akalia. Alipomaliza kujumlisha akanigeukia mimi, shangazi mtu, niliyevaa na kupendeza tangu alfajiri, akasema, "Dada, umezidi." Mbele za watu! Nikaachwa barazani na pochi yangu, gari likaondoka. Nilikuwa bado namtukana kimoyomoyo nilipomwona anarudi peke yake kunichukua, suti imeloa jasho. Tuliingia ukumbini wote wawili tumechelewa, baba wa bibi harusi na shangazi yake, watu wameshakaa, na picha ya familia imeshapigwa bila sisi. Ipo ukutani kwa wifi mpaka leo. Nikamuuliza, hivi kilo zangu chache zingefanya nini? Akasema, "Pengine zisingefanya kitu. Mimi ningekuwa nawaza hivyo njia nzima." Nilikasirika tena, lakini si kama mwanzo.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2017. Tulidhani ni mafua, kisha tukadhani ni umri. Daktari alimuuliza, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Akasema breki. "Na vumbi la breki kuukuu ulikuwa unalitoaje?" Akasema, kwa bomba la upepo, na zamani kabla hajalinunua, kwa mdomo. Daktari akaandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa. Mapafu yalikuwa yamejaa kazi yake. Sisemi mlimuua. Daktari hakusema hivyo, na mimi ni mshona nguo. Lakini breki iliyotakiwa kudumu miaka mitatu mlikuwa mnaimaliza kwa mwaka mmoja, kwa kubeba mnachokataa kukipima, kisha mnamletea, na mkiondoka vumbi lake mnamwachia. Hilo naomba mlichukue muende nalo nyumbani. Halina uzito, litaenea garini.

Mwaka huu, tangu Februari, alikuwa akipumua kwa msaada wa mashine. Wifi alimuuguza kwa mikono yake, akiwa yeye mwenyewe ameshastaafu na magoti yanamsumbua. Kitanda cha marehemu hospitalini kilikuwa karibu na dirisha linalotazama maegesho. Jumapili moja kitindamimba alifika kumjulia hali.

"Kaka, nimekuletea watu wa kukuona."

"Nimewaona wakishuka," marehemu akasema. "Hawakuwa wakiisha."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akamwambia mdogo wetu asogee karibu, kwa sababu sauti ilikuwa haifiki mbali.

"Ukiteremka mlima, breki zinanuka?"

"Zinanuka kidogo tu, kaka. Tukifika chini zinaacha."

"Ule mpira utoe."

Mdogo wetu akatazama viatu vyake. Alidhani kaka hajui. Kaka alikuwa anajua tangu siku ulipowekwa, alikuwa anasubiri aambiwe.

"Nitautoa, kaka."

"Mimi sitakuwepo kukutengenezea. Hawa wengine watakuwekea chochote utakachotaka."

Marehemu alifariki dunia Jumapili tarehe 11 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Siku hiyohiyo, kabla ya saa sita, mdogo wetu alikwenda stesheni kupokea wageni wa msiba. Walikuja saba, na yeye wa nane, na masanduku juu ya mapaja. Niliwaona kutoka dirishani wakitoka mmoja baada ya mwingine, na gari limesimama wima kama liko tupu. Mpira ulikuwa haujatolewa. Nilikuwa nimelia tangu alfajiri, machozi yakakatika palepale kwa hasira.

Kwa hiyo Jumatano hii asubuhi, kabla sijaandika haya, wakati mdogo wangu akiwa kwenye kikao cha familia akibishana kuhusu maturubai, nimechukua funguo zake nikampa fundi mkuu wa gereji ya marehemu. Ameutoa ule mpira. Zile breki amezitazama, akaniita nami nizitazame, na nilichokiona sitakisema mbele ya watoto. Ameweka mpya. Kwa hiyo, mdogo wangu, kama tangu juzi unashangaa mbona gari limechuchumaa namna hiyo, hakuna aliyekuloga. Springi ziko wazi sasa, na kila aliyepo hapa anaweza kutoka nje akaona mwenyewe mmejipakia kiasi gani.

Marehemu ameacha mjane, binti na kijana, mkwe wa kiume na wa kike, wajukuu watano, mafundi wanne wa gereji wanaomlilia kama baba, dada mmoja ambaye ni mimi, na mdogo mmoja wa kiume ambaye sasa hivi anatazama viatu vyake.

Nimeongea na dereva wa gari la jeneza. Ataegesha mwanzo wa mteremko na atakaa hapo. Kila gari litashuka na watu watano, litarudi tupu, litachukua wengine, mpaka wa mwisho afike, ndipo jeneza nalo lishuke. Najua mtasema tutachelewa. Tutachelewa. Kilo atasubiri, hana gari la mtu linalomngoja gereji. Atakayeniambia kwamba mtu mmoja tu hawezi kudhuru, aje anieleze akinitazama machoni.

Mdogo wangu, najua unawapenda watu, na najua unaona vibaya kumwambia mzee ashuke. Lakini tulikuwa watatu. Leo nazika mmoja, na kazi hii ya kusimama na karatasi siiwezi mara ya pili. Ukinifanyia hivyo, mimi simo.

Kaka yetu na alale kwa amani, apumue vizuri. Na wewe, nenda nje kashushe watu.