Gunia la Mkaa au Dari

Shikamooni wazee, na wenzangu wa kikundi chetu cha mikopo, habari za leo. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: mkopo mlionipa ninunulie vifaranga, au niumalizie kwenye dari la banda la kuku? Mtacheka, lakini mimi hata kuvuka barabara nafikiria mara tatu.

Nilipomaliza chuo nikakosa ajira, mama aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili nifuge kuku. Nikaenda Mtowisa, bondeni kwenye joto, nikapima banda la rafiki yangu, nikajenga la namna hiyohiyo hapa Sumbawanga: wavu pande zote, bati tupu juu. Ndugu zangu, kule bondeni watu wanautafuta upepo! Sisi huku juu tunaukimbia. Nilipima kila kitu isipokuwa baridi.

Vifaranga wa kwanza walirundikana kona moja wakafa. Wa pili niliwawashia majiko manne, mchana na usiku. Walikua, lakini nilipowauza, faida yote ilikuwa imeshakwenda kwa muuza mkaa.

Mama akaja, akasimama mlangoni, akainua kiganja juu kupima joto linalotokea batini.

"Msomi wangu, unaipasha moto Sumbawanga nzima."

"Mama, dari halitagi mayai."

"Na mkaa je, unataga?"

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Mkaa nilikuwa naununua kwa kila kundi la vifaranga. Dari ningelinunua mara moja. Hesabu ilikubali, mimi nikakataa. Je, nikikosea? Mama hakuwa na ng'ombe mwingine.

Basi nikafanya mambo ya mwoga. Niligawa banda katikati. Nusu moja nikaiwekea ukuta wa udongo, tundu dogo la hewa, na dari la mianzi lililofunikwa pumba za mpunga. Nusu nyingine nikaiacha. Idadi ya vifaranga ilikuwa sawa pande zote mbili. Wenye dari walilala wametawanyika kwa jiko moja. Wa upande wa pili, kwa majiko matatu, bado walipandana migongo.

Nawashukuru ninyi mlioniruhusu kubadilisha matumizi ya mkopo bila kunicheka usoni. Namshukuru mama zaidi. Nawaambia, anayejenga asiulize bei ya jengo tu. Aulize pia litakula nini kila mwezi.

Hofu ninayo bado, sitawadanganya. Lakini Jumatatu, kabla ya kununua hata kifaranga mmoja, nilimlipa fundi kwa mkopo wenu aiwekee dari nusu iliyobaki.