Kastori, Mpimaji Aliyeng'oa Mawe Yake Mwenyewe

Baada ya miaka ishirini na moja ya kupima mipaka ya mashamba, kwanza Gashoho mkoani Muyinga na kisha Gitega, hapa kwetu Burundi, Bwana Kastori anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Alijiunga nasi mwaka 2004, miezi michache baada ya kurudi kutoka Tanzania alikokulia. Amepanda vilima ambavyo pikipiki hukataa kuvipanda. Kila aliposema tumekaribia, sisi tuliomfuata tulikaa chini kwanza, maana tulijua bado saa nzima. Huko Gashoho alimaliza asubuhi moja ugomvi wa ndugu wawili uliodumu miaka saba, wakampa jogoo. Jogoo alitoroka njiani, na aliyefungua kikapu ni mimi. Mpaka leo nataniwa kwa hilo.

Mwaka 2016 alipima shamba la Mama Gaudensia, mjane anayeishi juu kabisa milimani Makebuko. Siku hiyo mama alikuwa hospitalini akimuuguza binti yake. Kastori aliona mstari wa miyenzi, ule mmea wa utomvu mweupe ambao kwetu hupandwa mpakani, akaufuata, akasimika mawe ya mpaka. Mama aliporudi alilalamika kwamba mpaka uko chini zaidi, kwenye kijito. Kastori akamjibu kwamba kipimo hakidanganyi. Basi kipande cha mama cha maharage, kati ya miyenzi na kijito, kikawa cha jirani yake Thomas, mgeni aliyenunua hapo juzijuzi na asiyejua lolote.

Aprili mwaka huu, kwenye kilima kingine, tulipita zizi la mbuzi lililojengwa kwa fito mbichi za miyenzi. Fito zilikuwa zimechipua. Kastori alisimama pale mpaka nikadhani anaumwa. Kumbe ule mstari wa Makebuko haukuwa mpaka, ulikuwa ubavu wa zizi la zamani la marehemu mume wa Gaudensia, ambalo fito zake zilichipua vivyo hivyo.

Zilibaki wiki kumi astaafu. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Kesho yake alipanda Makebuko, akawaita watu wa kilima, akasema mbele yao kwamba kosa ni lake, akaanza kung'oa mawe. Thomas alinuna kidogo, kisha akaleta jembe akamsaidia. Mama Gaudensia alimtazama Kastori akasema, "Miaka tisa nimeitwa mwongo hapa kilimani, mwanangu. Leo umenitoa aibuni."

Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliiacha habari hiyo, nikitaka kumstahi. Kastori aliisoma akanirudishia: kama kosa lake halimo, sherehe ya kumuaga iendelee bila wasifu. Nilikasirika, nikabishana naye nusu siku, nikashindwa. Sasa nimeiandika, na ninajivunia kufanya kazi na mtu huyu kuliko nilivyowahi kujivunia.

Asante, Kastori, kwa kila kilima. Mungu akujalie afya, magoti yapone, na nyumba yako ya mtaani Yoba ijae wajukuu na utulivu.

Adventina, kwa niaba ya wapimaji wenzako