Shaka ya Bi Eirwen

Ndani ya basi la kwenda Pontypridd, Bi Eirwen, muuza nyuzi za sufu, aliketi karibu na msichana mwenye kitambulisho cha chuo kilichoandikwa jina la Lowri.

"Unasoma nini, binti?"

"Elimu ya uhalifu."

"Loo! Siku hizi hata wizi unafundishwa?"

"Hapana, bibi. Leo tuna somo la jopo, wale raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia."

"Hayo niulize mimi, niliwahi kuitwa." Alishusha sauti, ingawa sauti ya Bi Eirwen ikishuka bado inamfikia dereva. "Mimi nilikuwa na shaka. Lakini ilikuwa Ijumaa, mvua inanyesha, kila mtu anataka kwenda kwake. Nikakubali kwamba ana hatia."

Lowri akafunga kitabu. "Kuyasimulia ya ndani ya jopo ni kosa la jinai."

"Basi niitie polisi! Ndiyo faida ya masomo yako?"

"Yule mshtakiwa yuko wapi sasa?"

"Nitajuaje mimi?"

"Baba yangu alifungwa na jopo kama lenu. Mama akirudi kutoka kumwona gerezani, hulala na nguo alizoendea. Hana nguvu hata ya kuvua koti."

"Pole. Lakini huenda alifanya kweli."

"Huenda," alisema Lowri. "Mtu anafungwa kwa huenda, bibi?"

Basi likasimama chuoni. Lowri akashuka bila kumshukuru dereva, na huku kwetu hilo halifanywi na mtu ila awe na msiba.