Kufuli la Kabati la Hester Beal

Wasikilizaji wapendwa, leo kipindi hakina muziki wa kufungulia. Niliuandaa, kisha nikauzima. Daktari Hester Beal ametutoka. Alifariki Jumanne asubuhi nyumbani kwake, pale juu ya bandari, akiwa na miaka tisini na moja. Nimemfahamu tangu nasoma shule, na bado sijalia. Nimekufa ganzi tu. Kwa hiyo nitasimulia polepole, nanyi mtanivumilia.

Hester alikuwa mtaalamu wa panya. Katika mji wetu huu wa jimbo la Maine, asiyevua kambakoche hulisha panya wa maabara, na asiyefanya yote mawili ana binamu anayefanya. Hester alianza kazi akiwa msichana, akastaafu mvi zimemjaa.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka 1962. Vinal, aliyekuwa akiwalisha panya wake, aliona mmoja ana tumbo la kutisha. Akamhamishia kwenye kizimba cha wazazi, akamwekea pamba ya kutandika. Ndivyo walivyozoea pale: panya akifura, ni mimba. Wiki tatu zikapita, na mimba ya panya haivuki hapo.

"Daktari, huyu mama anatuchezea shere," Vinal akalalamika.

Hester akamshika yule panya mkia, akamgeuza.

"Mama gani, Vinal? Huyu dume!"

"Loh! Basi Mungu amsaidie kujifungua."

Maabara nzima ilicheka. Hester hakucheka sana. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka tisa, Roberta, ambaye sote tunamwita Bertie. Bertie alikuwa mtoto mnene. Na mama yake alikuwa ametia kufuli kwenye kabati la chakula.

Narudia, wasikilizaji. Kufuli, kwenye kabati la chakula. Ufunguo Hester aliuvaa shingoni.

Jana nilizungumza na Bertie kwa simu. Aliniambia hivi: "Kaka yangu Alton alikuwa mwembamba kama ufito, basi anabembelezwa aongeze. Mimi nikinyoosha mkono naambiwa, 'Acha ulafi, Bertie, watu watakucheka.' Na watu walikuwa wananicheka hivyohivyo."

Kule maabara Hester akaanza jaribio. Alichukua panya wawili wa tumbo moja, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Kila asubuhi alipima alichokula mwembamba, kisha akampa mnene kiasi hichohicho, hakuna punje iliyozidi. Chakula kilekile, wasikilizaji. Yule mnene akazidi kunenepa. Misuli yake ilisinyaa, mafuta yakaongezeka. Hakukimbiakimbia kama mwenzake. Alijikunyata pembeni, mwili wa baridi, akitafuna vyuma vya kizimba kwa njaa.

Ilikuwa hitilafu ya jeni moja. Moja tu, aliyoirithi kwa baba na kwa mama. Miaka mingi baadaye watafiti walieleza vizuri: mafuta ya mwilini hupeleka ujumbe kwenye ubongo kwamba akiba ipo, tulia. Kwa panya huyu ujumbe haukutoka. Ubongo wake uliamini anakufa njaa, huku tumbo linaburura chini. Panya wa ukoo wake walipochomwa sindano yenye homoni inayobeba ujumbe ule, waliacha kula ovyo wakapungua.

Jioni alipoyaona matokeo, Hester alirudi nyumbani akalifungua kufuli, akalitupa kwenye pipa la taka. Bertie anaikumbuka jioni hiyo. "Hakunieleza kwa nini. Alinikaangia mayai, akaniwekea mezani, akapanda kulala."

Baada ya hapo Hester aliitwa kuhutubia kila mahali. Alisema mnene si lazima awe mlafi, na watu walisimama wakampigia makofi. Bertie alikuwa akikaa kiti cha nyuma. "Mama aliwatetea panya dunia nzima," anasema. "Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu." Hakuna aliyewahi kumpima Bertie ajue jeni zake zikoje, wala yeye hataki. "Mimi si panya," anasema, na hapo alicheka kidogo.

Mwezi uliopita Hester aliacha kula. Bertie ndiye aliyekuwa akimlisha. Jumapili alimpelekea supu ya chaza.

"Kidogo tu, mama."

Hester akafumba mdomo.

"Bertie. Ulikuwa na njaa, eti?"

"Kila siku, mama."

"Nilijua," Hester akasema. "Tangu yule panya. Nikaona haya kukwambia. Nisamehe, mwanangu."

Kisha akafumbua mdomo, akameza vijiko viwili. Hakula tena.

Wasikilizaji wapendwa, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hester alimjua, akakaa na haya yake miaka sitini. Tuna nani majumbani mwetu anayengoja neno moja kama hilo? Bertie, Alton, poleni sana. Mji mzima unawapa pole.

Mazishi ni Jumamosi, na baada yake kutakuwa na maharage na mikate katika ukumbi wa kanisa. Bertie ameomba jambo moja tu: mtu asitazame sahani ya mwenzake. Yeye ndiye atakayepakua wa kwanza. Tumwache apakue anavyotaka.