Mtu wa Sayari Anatafutwa Vällingby

Ukitoka stesheni ya Vällingby, kitongoji cha Stockholm, karibu na chemchemi, kulikuwa na benchi ambalo Waswedi walilipita bila kulikalia, maana lilikuwa na wenyewe. Wenyewe walikuwa watatu. Wa kwanza Lifti, jina la ubatizo Ladislaus, Mtanzania aliyekuja kusomea uhandisi na sasa anatengeneza lifti za maghorofa. Wa pili Breki, yaani Nasur, Mganda dereva wa treni za chini ya ardhi, mtu wa kusimama ghafla hata akitembea kwa miguu. Wa tatu Samwiri, aliyeitwa Mapazia kwa sababu kabla ya kukimbia Uganda alikuwa mwigizaji wa jukwaani Kampala, mtu wa kupigiwa makofi. Hapa Stockholm, miaka kumi sasa, kazi yake ni kusukuma mashuka ya hospitali. Ijumaa hiyo ya Mei 1987 Samwiri hakuwa na raha kabisa. Saa nane kamili alitakiwa kuwapigia simu watu wa televisheni aseme ndiyo au hapana.

— Hebu rudia, akasema Lifti akimimina kahawa. Wanataka uwe nani?

— Mtu wa sayari nyingine. Wanaitengeneza upya ile tamthilia ya roketi ya miaka ya sitini, iwafae watazamaji wa leo.

— Ile ya roketi ya maboksi? Inayoning'inia kwenye uzi?

— Uzi hakuna tena. Itakuwa ya rangi, kompyuta zipo, nahodha mwanamke. Na mtu wa sayari zamani alikuwa ananguruma tu, sasa ataongea.

— Kiswedi?

— Lugha yangu yoyote. Wanasema watazamaji hawataelewa hata hivyo.

Breki akajipiga paja.

— Mwambie na habari ya jicho, ssebo!

Samwiri alitamani kummeza mzima mzima. Alikuwa amemwambia kwa siri. Ndiyo, lilikuwepo jicho la tatu, la mpira, la kubandikwa kwenye paji la uso. Babirye, mkewe, alikwisha kuapa kwamba hatakaa kanisani na mume wa macho matatu. Lakini jamani, mtu alikuwa na kiu ya kuigiza! Wiki iliyopita kule kufulia wenzake wa kazi walimkuta anayahutubia mashuka, mkono juu, machozi yanamtoka. Akikataa leo, nani atamwita tena?

— Kwanza lugha, akasema Lifti. Useme Kiswahili, ila siyo hicho chenu cha Kampala. Watu waliovuka nyota hawawezi kusema "mimi iko sikia njaa."

— Wewe nyamaza! akasema Breki. Hicho chako kilichonyooka kimekufikisha wapi? Umekwama kwenye lifti.

— Nimekwama nikiwa na diploma, bwana. Na nawaambia kosa la ile tamthilia ni roketi. Nani leo anaamini roketi? Wajenge lifti. Ghorofa ya chini hapa jirani Jakobsberg, ghorofa ya juu mwezini. Unabonyeza, unasubiri, umefika.

— Na ikikwama katikati?

— Wananiita mimi.

Breki akatikisa kichwa kwa huruma.

— Wee Lifti, huna hadithi. Mtazamaji wa leo anataka ukweli. Zamani mtu wa sayari alishuka tu msituni, akapelekwa kwa mfalme. Mfalme gani! Sasa ashuke hapa jirani Spånga, aende ofisi ya wahamiaji, achukue namba ya foleni. Namba mia tatu na sita! Macho yote matatu yanaangalia ubao.

— Anaulizwa amekuja kwa njia gani, akachomekea Lifti.

— Anasema kwa chombo chake. Wanamwambia thibitisha. Anasubiri miezi kumi na minne, analishwa viazi!

— Na vita? Samwiri akauliza, akijikuta anacheka. Kwenye ile ya zamani, sayari zilipigana kipindi kizima, sikuelewa kwa nini.

— Hilo dogo. Mtu wa sayari kapata nyumba, si ndiyo? Kashuka chumba cha kufulia cha jengo, kafua kwenye zamu ya bibi wa ghorofa ya pili. Bila kuandika jina kwenye orodha ya zamu!

— Toba! Lifti akashika kichwa. Hapo hata mimi nampigania bibi.

— Bibi kaacha karatasi ya matusi mlangoni. Wao kule sayarini wamejibu kwa mizinga. Dunia imekwisha kwa ajili ya soksi!

Wakacheka mpaka njiwa wakaruka. Hawakumwona Theresia mpaka alipowaamkia. Alikuwa ndugu wa mke wa Lifti, ana wiki tatu tu tangu afike kutoka Bukoba kusomea uuguzi.

— Shikamooni.

— Marahaba, dada. Kaa usikilize wataalamu.

Akakaa, akaelezwa yote, mpaka jicho. Akafikiri kidogo.

— Samahani, kaka Samwiri. Huyo mtu wa sayari, mwishoni anarudi kwao?

Lifti akajimiminia kahawa nyingine. Kila Krismasi huwaaga kwamba mwakani yuko Morogoro. Breki akaanza kusema eti Uganda siku hizi kumetulia, watu wanarudi, halafu akakumbuka kwamba yeye yuko hapa. Samwiri aliumia moyoni, waziwazi, kama aliyeulizwa habari za marehemu.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika mbili. Akaingia kibanda cha simu, akatumbukiza sarafu.

— Kabla sijajibu, akamwambia mama wa televisheni kwa Kiswedi, mtu wangu huyu, mwishoni anarudi kwao?

— Hapo bado hatujaandika, mama akasema kwa uchangamfu. Wewe unaonaje? Arudi?

Samwiri akasukuma mlango kwa mguu, akapaza sauti.

— Jamani! Wananiuliza mimi!

Wale wawili, wenye jibu la kila kitu, wakaangalia viatu vyao. Theresia akawatazama mmoja mmoja, asielewe amekosea nini.

Samwiri akarudisha simu sikioni.

— Nakubali kazi, akasema. Na jicho nakubali. Ila hapo mwishoni msiandike kitu kwanza.

— Kwa nini?

— Mwenyewe bado hajajua.