Damu Iliyoshushwa Zizini

Ndani ya basi, Bibi alikaa nyuma ya nesi aliyepakata kisanduku cha damu ya kuongezewa mzazi anayesubiri upasuaji. Nesi alitoka kukichukua kwenye zizi la mbuzi, ambako droni ilikishusha. Fundi wa droni aliketi kando ya nesi.

“Haikupotea, dada. Ilidanganywa kwa ishara bandia, ikaamini imefika hospitali.”

“Maskini. Na macho mliyoifungia ni mapambo?”

“Hizo kamera za picha tu. Njia inaelekezwa na setilaiti.”

Bibi akawategea kitendawili kimoyomoyo: ana macho, lakini huulizia mlango wake. Hata kuku huchungulia banda kabla ya kuingia.

“Na basi hili lisilo na dereva?”

“Setilaiti hizo hizo. Ila hili tumelikinga.”

Basi likasimama, likatangaza kwa adabu: “Hospitali. Karibuni.”

Nje, mbuzi wale wale wakainua vichwa.

Nesi akampakatisha fundi kisanduku. “Tangulia, bwana setilaiti. Kwa miguu.”